Posa Iliyopelekwa kwa Mchina

Watu wa mtaa wa Majengo hubishana juu ya kila kitu, lakini hili walikubaliana: Felisian alianza kula chakula cha Kichina miaka mingi kabla Mchina hajafika Sumbawanga.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara, ambapo mtu alilala muuza vitumbua akaamka mfanyabiashara. Felisian alikuwa na kibanda cha mitumba, makoti hasa, maana baridi ya Ufipa haimwonei mtu huruma. Aliwahi kwenda Dar es Salaam mara moja tu, akafikia kwa binamu yake, na aliporudi alirudi na mgahawa mzima wa Kichina kichwani, ule ulio mkabala na mahoteli marefu ya mjini.

"Pale ukiingia unavuliwa koti na mtu," alikuwa akimwambia mteja huku anamvisha koti lenye kifungo kimoja. "Huvui mwenyewe. Ukivua mwenyewe wanajua wewe ni wa kuja."

Kila alipousimulia, mgahawa ule uliongezeka ghorofa. Mara meza zake ni za marumaru, mara mpishi wake alikuwa akija kumsalimia Felisian kwa jina. Ukweli ni kwamba aliuona mlango wake akiwa ng'ambo ya barabara, akanusa, binamu yake akamvuta mkono kwa sababu walikuwa wanawahi basi. Lakini ukweli wa namna hiyo hauuzi makoti, basi aliuacha huko huko Dar.

Hayo yote yangebaki stori za kibandani kama si mambo mawili kutokea kwa pamoja. La kwanza, Mchina mwenyewe alikuja. La pili, Felisian alipenda.

Mchina aliitwa Bwana Lii. Alikuja na watu wa kuchimba visima upande wa Namanyere. Wenzake walipofungasha mitambo wakaondoka, yeye akabaki, akakodi nyumba mjini, katikati ya hoteli mbili na safu ya gesti, akaupaka mlango rangi nyekundu na kufungua mgahawa. Kiswahili alijifunzia Namanyere, kwa hiyo alikizungumza kwa lafudhi ya Kifipa iliyonyooka, na wazee waliomsikia wakiwa nyuma ya ukuta walidhani ni mtu wa ukoo wao.

Aliyependwa na Felisian ni Minza, binti wa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akajenga nje ya mji, mbele ya Milanzi. Minza alikuja kibandani siku moja kumnunulia mama yake koti. Alilipima, akaligeuza, akalivaa mwenyewe, akacheka. Felisian akasahau kutaja bei. Kwa mtu aliyemfahamu, hiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko homa. Na tusimdhulumu: pamoja na maneno yake yote, binti huyu alimpenda kweli, na usiku mwingine alikosa usingizi akiwaza namna ya kumfikia baba yake.

Maana Mzee Masanja hakuwa mtu wa kusogelewa kwa maneno. Ilijulikana kwamba aliwahi kumkataa karani mmoja mwenye baiskeli mpya, na alipoulizwa sababu alijibu kwa utulivu: "Mimi ng'ombe nampima kwa meno, mtu nampima akiwa anakula. Yule alikula kama anakimbizwa."

Felisian aliposikia hivyo alifurahi sana. Kumbe mtihani wenyewe ni kula! Akamwendea shangazi yake Getruda, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wake, akamtangazia kwamba posa haitapelekwa nyumbani kwa Masanja kama posa za watu wengine. Itapelekwa kwa Mchina, Jumapili mchana, mezani.

"Waje wote," alisema. "Mzee, Minza, na mama yake."

Shangazi Getruda alikuwa akichambua ulezi. Aliacha.

"Felisi, wenzetu wale mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, sembuse kutafuna mbele yake. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Hata sisi Wafipa tuna heshima zetu, lakini wale wamezidi."

"Shangazi, hizo ni habari za enzi za foleni ya sukari. Sasa hivi ni ruksa."

"Ruksa ni ya maduka."

"Dar mtu anakaa na mama mkwe wake meza moja, wanagongeana glasi."

"Basi kaoe Dar," alisema Shangazi, akarudi kwenye ulezi wake. Hata hivyo alikuwa mshenga, na mshenga hufikisha alichotumwa. Jioni ile alikwenda kwa Mzee Masanja akaeleza ujumbe wote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mama yake Minza naye aje?"

"Amesema na mama. Amesisitiza."

Mzee Masanja akatazama zizi lake kitambo. "Haya. Tutakuja tumwone huyo anayesisitiza."

Minza mwenyewe alipita kibandani siku ya pili yake, akasimama nyuma ya makoti ili watu wasimwone.

"Felisian, kwa nini usije tu nyumbani? Jioni baba huota moto na watu. Unakuja, unakaa, unasikiliza. Anakuzoea."

"Nikakae zizini na suti?"

"Si lazima uje na suti," alisema Minza.

Huo ndio ushauri bora aliopewa mwaka ule, na aliuacha upite kama mteja asiye na hela. Alikuwa amekwisha kuchagua suti, rangi ya majani makavu, mabega mapana, na tai ndefu iliyofika chini ya mkanda. Kufunga tai hakujua. Alimpelekea jirani yake Urbano, fundi cherehani, ambaye naye hakujua ila hakupenda kusema hivyo, akamfunga fundo la gunia la mahindi. Lilikaa vizuri. Ila halikufunguka tena.

Jumapili ilipofika, Felisian alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Alitaka kuwa na nafasi.

Alitangulia na Shangazi Getruda. Ndani ya mgahawa kulikuwa na meza moja kubwa ya mviringo, na juu yake kioo kinene cha mviringo kilichokuwa kikizunguka ukikisukuma kwa kidole, ili kila mlaji aletewe sahani zote bila kuinuka. Felisian hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Alikizungusha mara moja, akatikisa kichwa.

"Cha Dar kina kasi zaidi," alimwambia Bwana Lii.

"Kweli bwana?" alisema Bwana Lii kwa heshima. "Kwetu hatushindani mbio."

Jambo ambalo Felisian hakuliona, kwa kuwa alikuwa anajitazama, ni vioo vya ukutani. Bwana Lii alikuwa ametandaza vioo kuta zote nne ili chumba chake kidogo kionekane kikubwa.

Mzee Masanja akaingia akiwa na fimbo yake na kofia. Nyuma yake Minza, amevaa gauni la kitenge, macho chini. Nyuma kabisa mama yake, mwanamke mrefu, mwenye mikono iliyokamua ng'ombe tangu utotoni, amevaa lile koti alilonunuliwa. Alipomwona tu Felisian, alivuta khanga kufunika uso, akageukia ukuta kwa adabu zote. Ukutani akamkuta Felisian. Akageukia upande wa pili. Felisian huyu hapa, anatabasamu, tai mpaka kiunoni. Akageukia mlangoni alikotoka, na juu ya mlango napo kulikuwa na kioo.

"Baba Minza," alisema chini ya khanga, "wako wangapi?"

"Ni mmoja," alisema Mzee Masanja.

"Mwambie apungue."

Felisian akainama, akachuchumaa, akajificha nyuma ya Shangazi Getruda, ambaye kwa bahati mbaya ni mwembamba. Heshima haikupatikana. Mzee Masanja alisema kwa upole kwamba labda waende zao tu, hakuna ugomvi. Aliyemwokoa ni Bwana Lii. Alileta kamba, akaifunga dirishani upande mmoja na kwenye msumari wa kalenda upande wa pili, akaning'iniza shuka jekundu lililokata chumba na meza katikati. Shuka lilishuka mpaka juu kidogo ya kile kioo cha kuzunguka, likaacha nafasi ya sahani kupita.

Upande mmoja wakakaa wanawake: Mama Minza, Minza na Shangazi Getruda. Upande wa pili Mzee Masanja na Felisian. Kila mtu akatulia. Felisian akaanza kupumua, hata akasema kwamba Dar nako huwa wanaweka pazia, ila la hariri.

Chakula kikaanza kuja. Bwana Lii, aliyejifunza Namanyere kwamba wageni wenye heshima hutangulia, alikuwa akiweka kila sahani upande wa wanawake kwanza. Wakaletewa wali uliochanganywa mayai na vitunguu. Wakapakua, wakasukuma kioo, wali ukapita chini ya shuka ukawafikia wanaume. Felisian, ambaye tumbo lake lilikuwa linaunguruma tangu kanisani, akanyoosha kijiko.

Mzee Masanja akamshika mkono, taratibu.

"Hicho kimepita kwa mama mkwe wako."

"Ndiyo, mzee."

"Ametia mkono wake. Wewe huli."

"Lakini wewe mzee unakula."

"Mimi ni mume wake," alisema Mzee Masanja, akajipakulia.

Ikaja sahani ya kuku wa vipande na pilipili hoho. Ikapita kwa wanawake, ikafika. Felisian akaitazama ikifika na akaitazama ikiondoka. Zikaja tambi. Zikaja mboga za majani zenye harufu ya kitunguu saumu ambayo ingemfufua mtu. Vyote vilimpitia mbele ya pua, vikiwa vya moto, na vyote vilikuwa vimekwisha pita kwa mama mkwe. Ng'ambo ya shuka zilisikika sauti za watu wanaofurahi. Shangazi Getruda, ambaye siku zote alisema hawezi kula kitu asichokijua, alikuwa anauliza kama tambi zinaweza kufungwa za nyumbani.

Katika dunia hii wamepita wenye karamu wengi, lakini aliyeandaa karamu yake akaishia kuilinda kama askari wa ghala ni Felisian peke yake. Alikunywa maji. Akatabasamu. Mzee Masanja alikuwa anakula polepole, anamtazama.

"Mbona hukasiriki?" aliuliza Mzee.

"Nimeshazoea chakula hiki, mzee. Hakinipi presha."

Mzee Masanja akaitikia kwa kichwa, na haki yake apewe: wakati ule alikuwa ameanza kumpenda kijana yule. Mtu anayeweza kukaa na njaa yake mbele ya chakula bila kununa si mtu wa kutupa. Kama Felisian angenyamaza hapo, akanywa maji yake mpaka mwisho, hadithi hii ingekuwa ya harusi.

Lakini alipomwona Bwana Lii akitoka jikoni na bata mzima, mwekundu, anang'aa mafuta, amelazwa juu ya sahani nzito ya chuma, Felisian alishindwa. Alimpungia mkono.

"Weka hapa. Kwangu kwanza."

Kweli, njia ilikuwa ni hiyo. Bata akianzia upande wake hatakuwa amepita kwa mtu. Bwana Lii akamweka bata mbele yake. Na badala ya kukata, Felisian akakumbuka kwamba yeye ni mtaalamu. Aliegemea mbele juu ya meza, tai ikalala kwenye kioo, na Bwana Lii, katika kuisogeza sahani ikae vizuri, akaikalisha ile sahani nzito ya chuma juu ya ncha ya tai. Hakuna aliyeona.

"Sasa, mzee," alianza Felisian, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya shuka, "bata wa Kichina haliwi hivi hivi. Kwanza unamtazama. Pale Dar mpishi anakuja anasimama pembeni, anakuuliza, Felisian, tuanzie wapi? Wengi wanaanzia kifuani. Kosa. Mimi nilimwambia..."

Akaeleza alivyomwambia mpishi. Akaeleza mpishi alivyomjibu. Akaeleza habari ya ngozi, habari ya mchuzi, na habari ya mzungu mmoja wa meza ya jirani aliyeomba ushauri. Bata alikuwa anapoa. Ng'ambo ya shuka Mama Minza alivumilia kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, kisha akamuuliza Shangazi Getruda:

"Hiyo nyama inasomewa misa?"

Akaweka mkono wake juu ya kioo, akakizungusha kwa nguvu zile za kuvuta ndama.

Bata akaondoka. Tai ikamfuata bata. Felisian akaifuata tai. Alijaribu kushika meza, meza ilikuwa imepakwa mafuta ya tambi. Alijaribu kufungua fundo, lakini fundo lilikuwa la gunia. Alipita kifua juu ya kioo, mikono imetanuka, akaangusha bakuli la mchuzi, akaingia chini ya shuka jekundu na kutokea upande wa pili kichwa mbele, shuka limemkaa kisogoni. Kioo kikasimama. Bata alikuwa mbele ya Mama Minza, na kando ya bata, kidevu kwenye wali, alikuwa Felisian.

Mama Minza alikuwa na paja la kuku mdomoni.

Walitazamana. Hakukuwa na pa kugeukia, maana kila ukuta ulikuwa na wote wawili.

Mzee Masanja alizunguka meza akaja. Hakupandisha sauti.

"Bi Getruda, wewe ndiye mshenga. Umeona?"

"Nimeona," alisema Shangazi kwa huzuni.

"Na mimi nimeona. Mkwe amemtazama mama mkwe wake mdomoni. Kwetu ningekuambia faini yake, lakini haipo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya kosa hili."

Felisian aliinua macho akamwona Minza, amefunika mdomo kwa viganja, na aliona wazi kwamba anampoteza. Moyo ulimuuma kweli, uchungu usio na suti wala Dar ndani yake. Basi akafanya lile alilolijua maisha yake yote. Akasema.

"Mzee, mama, nisameheni. Msinichukulie kama mkwe. Nichukulieni kama mtoto wenu. Mtoto wa kumzaa. Mtoto hamfichi mama yake uso."

Mama Minza akatoa paja mdomoni, akameza, na kwa mara ya kwanza akasema naye moja kwa moja.

"Umesema mtoto?"

"Ndiyo, mama."

"Wa kumzaa?"

"Wa tumboni kabisa, mama."

"Felisi, nyamaza," alinong'ona Shangazi Getruda.

"Niache, Shangazi. Hata mbele ya padri nitalisema. Mimi ni mtoto wa nyumba hii."

Mama Minza alimgeukia mumewe, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Masanja, umesikia. Nimezaa mabinti watupu mpaka watu wakanisema. Leo wa kiume amekuja mwenyewe, tena mezani, tena na tai."

Mzee Masanja aliegemeza mikono juu ya fimbo. "Nimesikia," alisema. "Ameomba mbele ya mashahidi, na mimi simnyimi mtu wazazi. Toeni hilo shuka."

Shuka likatolewa. Mama Minza akachukua kisu cha bata akaikata tai, akamketisha Felisian kando yake, akamfuta mchuzi usoni kwa pindo la khanga. Kisha akang'oa paja la bata, kubwa kuliko yote, akampa mkononi.

"Kula, mwanangu. Umekonda."

Felisian akala. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonja chakula cha Kichina, na kilikuwa kitamu kuliko vyote alivyowahi kuvisimulia. Aliona mambo yamenyooka. Mama mkwe anamlisha kwa mkono wake, mzee anamwita mtoto, nani mwingine amewahi kukubaliwa upesi namna hii? Akamwegemea Mzee Masanja, shavu limejaa.

"Basi mzee, ile posa tuizungumze leo leo?"

"Posa ya nani?"

"Ya Minza."

Kijiko cha Shangazi Getruda kikaanguka. Mzee Masanja akamtazama kwa huruma ya baba, akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, huko Dar sijui wanafanyaje. Sisi hatumwozi mtu dada yake." Akampigapiga bega. "Kesho uje mapema. Kuna ng'ombe wa kunyweshwa, na wewe ndiye wa kiume."

Felisian akamgeukia Minza. Minza alikuwa anafuta machozi, na mpaka leo Felisian hajui yalikuwa ya kicheko au ya kitu kingine. Aliinuka, akapiga goti kama alivyofundishwa na mama yake, akasema kwa sauti ndogo:

"Shikamoo, kaka."

Na Felisian, nyama ya bata ikiwa bado mdomoni, akaitikia marahaba.